UZI: Kwa nini muhtasari wa sera unasomeka vizuri, lakini ukimaliza hujui kilichoamuliwa?

#1 Msoma Waraka

Wakuu, salaam.

Kikundi chetu cha watumiaji maji kimenikabidhi muhtasari wa sera mpya niusome, kisha niwaeleze wenzangu kikaoni. Kurasa ni chache, karatasi ni nzuri, kuna picha za watoto wanacheka bombani na chati ya duara yenye rangi tano. Nimeusoma wote na kuurudia. Nimejua dira, nimejua misingi, nimejua wadau walishirikishwa. Ambacho sijakiona ni majibu ya maswali ambayo najua nitaulizwa. Anayechelewa kulipa atakatiwa maji baada ya muda gani? Nani anaamua? Nikiona nimeonewa, naenda wapi?

Lugha yake si ngumu. Hapo ndipo ninapopishana na wanaosema dawa ni lugha nyepesi, maana kila sentensi ukiichukua peke yake naielewa. Hoja yangu ni kwamba nyaraka hizi zinaeleza nia badala ya uamuzi, halafu hadithi na picha zinaletwa kuziba pengo. Nani anapinga?

#2 Karani Mstaafu

Nakupinga nusu. Mimi nilikaa upande wa pili wa meza, kazi yangu ilikuwa kuandaa rasimu. Rasimu ya kwanza mara nyingi inakuwa na meno: nani, lini, kiasi gani. Kisha inaanza safari. Mwanasheria anafuta "lazima", anaweka "inapowezekana". Mtu wa fedha anafuta tarehe kwa sababu bajeti haijapita. Idara jirani inaona imetajwa kwa jina, inaomba paandikwe "mamlaka husika". Inarudi mezani ikiwa imebaki na yale tu ambayo hakuna aliyeyapinga, na hayo hayamwambii msomaji chochote.

Kwa hiyo pengo lipo, nakubali. Ila hakuna mtu aliyekaa chini akapanga kulificha.

#3 Nipo Pembeni

Uzi mzuri. Nafuatilia.

#4 Dada Wino

Kazi yangu ni kuhariri nyaraka za aina hii, naomba niitetee lugha nyepesi kwa sababu mleta uzi ameihukumu kabla ya kuisikiliza.

Lugha nyepesi haiishii kwenye maneno mafupi. Nikipokea waraka, kitu cha kwanza natafuta vitenzi visivyo na mtenda: "hatua zitachukuliwa", "elimu itatolewa", "ada itapitiwa upya". Kila kimoja nakirudisha kwa wenyewe na swali la neno moja: nani? Mara nyingi hapo ndipo simu zinaanza kupigwa, kwa sababu kumbe hawajakubaliana ni nani. Uhariri ndio unaofichua pengo unalolilalamikia, Msoma.

Na serikali zimeanza kubanwa. Sweden ina sheria ya lugha ya mwaka 2009 inayotaka ofisi za umma zitumie lugha iliyotunzwa, rahisi na inayoeleweka. Marekani walipitisha ya kwao 2010, na tangu hapo lugha ngumu serikalini ni kosa kisheria.

#5 Wakili wa Zamu

Dada Wino, kwa Sweden uko sahihi. Kwa Marekani umevuka mpaka kidogo. Sheria ile, iliyosainiwa na Obama Oktoba 2010, inagusa barua, fomu, maelezo ya huduma na mafao, na maelekezo ya namna ya kutii masharti ya serikali. Kanuni zenyewe imeziacha nje. Tena imeweka wazi kwamba huwezi kwenda mahakamani kwa sababu ofisi imeshindwa kuifuata. Kuiita kosa ni kuipa nguvu ambayo haina.

Niongeze sababu ambayo Karani ameigusa juu juu. Muhtasari ukisema "utakatiwa maji baada ya siku 60" na kanuni ikasema vingine, mwananchi atashika muhtasari, kwa sababu ndio aliopewa mkononi. Ndiyo maana sisi wanasheria tunaogopa kuona namba kwenye muhtasari.

#6 Dada Wino

Asante kwa marekebisho, Wakili. Ila hofu hiyo ina tiba: andika namba ileile iliyo kwenye kanuni, kisha utaje kifungu. Mkiacha kuandika namba, kazi ya wakili mmemtwisha mtu asiye na wakili.

#7 Mchora Chati

Mbona mnazunguka kwenye maneno tu? Picha moja nzuri imewahi kufanya kazi iliyozishinda ripoti nene.

Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza, 1858. Alichukua vifo vya wanajeshi wa Uingereza kwenye vita vya Crimea akavichora kama vipande vinavyozunguka kitovu kimoja, kila kipande mwezi mmoja. Bluu ni waliokufa kwa maradhi yanayozuilika, nyekundu ni waliokufa kwa majeraha, nyeusi ni sababu nyingine zote. Hata asiyejua hesabu anaona bluu imemeza ukurasa. Wanajeshi walikuwa wanauawa na uchafu kuliko risasi, na ilibidi wakubwa walikubali hilo kwa macho yao.

Na daktari John Snow je? Kipindupindu London, 1854. Akachora ramani ya vifo kuzunguka pampu ya Broad Street, wakubwa wakaiona, mpini wa pampu ukang'olewa, ugonjwa ukaisha. Ramani moja tu.

#8 Muuguzi wa Jamii

Mchora Chati, kisa cha Snow husimuliwa hivyo kila mahali lakini mambo hayakwenda hivyo. Mpini uliondolewa tarehe 8 Septemba 1854, na wakati huo vifo vilikuwa tayari vinashuka kwa sababu wakazi wengi walishakimbia mtaa. Snow mwenyewe aliandika hivyo. Ramani aliichora baadaye. Walioamua kuondoa mpini walimsikiliza akieleza kwa mdomo alichokikuta kwenye orodha ya waliokufa. Na Bodi Kuu ya Afya haikushawishika, iliendelea kushikilia kwamba ugonjwa unaletwa na hewa chafu.

Mimi kilichonishika kwenye kazi yake ni kingine kabisa. Kulikuwa na mjane aliyeishi Hampstead, mbali na Soho, eneo la pampu ile. Huko Hampstead kipindupindu hakikuwepo. Zamani aliishi Broad Street, akazoea ladha ya maji ya pale, akawa analetewa chupa yake kila siku. Alikufa. Mpwa wake alimtembelea, akanywa maji yale, akarudi kwake Islington, naye akafa. Upande wa pili, wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani kabisa na pampu walisalimika. Wao walikunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake.

Tazama visa hivi viwili vinafanya nini. Ukisema ni hewa ya mtaa, mjane anakukatalia maana hakuivuta. Ukisema kila aliye karibu lazima augue, wale wa kiwandani wanakukatalia. Hadithi inayostahili kukaa kwenye waraka wa sera ni ile inayofunga mlango wa maelezo mengine. Picha ya mtoto anacheka bombani haifungi mlango wowote.

#9 Msoma Waraka

Muuguzi, hapo umenipa kitu cha kuondoka nacho.

Ili tusiendelee kuongea juu juu, nabandika aya yenyewe inayonisumbua:

"Watumiaji wenye malimbikizo watahamasishwa kutimiza wajibu wao, na pale itakapobidi hatua stahiki zitachukuliwa kwa kuzingatia hali ya mtumiaji."

Dada Wino, uwanja ni wako.

#10 Dada Wino

Nimejaribu:

"Ukichelewa kulipa, (nani?) atakukumbusha kwa (njia gani?). Usipolipa ndani ya siku (ngapi?), (nani?) atakata maji. Maji hayatakatwa kama (hali zipi?). Ukiona umeonewa, nenda (wapi?) kabla ya siku (ngapi?)."

Siwezi kwenda mbele ya hapo bila kubuni, na kubuni si kazi ya mhariri. Ningekuwa wewe ningeingia nayo kikaoni hivyohivyo, na mabano yake.

#11 Karani Mstaafu

Mabano hayo nayajua moja moja. "Hali ya mtumiaji" inanukia kikao kirefu. Bila shaka kuna waliotaka wagonjwa na wazee wasamehewe, kuna waliosema ukifungua mlango huo hakuna atakayelipa, jioni ikaingia, yakaandikwa maneno ambayo kila upande unaweza kwenda nayo nyumbani ukasema umeshinda.

#12 Wakili wa Zamu

Naomba niyatetee maneno hayo, maana hakuna anayeyatetea. Ukiandika "siku 60, bila ubaguzi", mzee anayelala kitandani na tajiri mkaidi wanakatiwa siku moja. Wakati mwingine sera inaachiwa nafasi kwa makusudi ili ofisa wa chini atumie busara. Uwazi wa sentensi unaweza kuwa ukatili kwenye utekelezaji.

#13 Dada Wino

Basi waandike hivyo: "Ofisa wa eneo anaweza kukuongezea muda, nenda na uthibitisho huu na huu." Busara nayo inaandikika. Isipoandikwa, anayeipata ni yule anayemfahamu ofisa.

#14 Takwimu Tu

Mmesahau kuwa sentensi inaweza kuwa fupi, nyepesi, yenye mtenda, ya kweli kabisa, na bado ikaleta madhara.

Oktoba 1995, Uingereza. Kamati ya usalama wa dawa ikaonya kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Kila mtu alielewa "maradufu". Ambacho hakikufika kwa watu ni maradufu ya nini: kutoka mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000. Wanawake wengi waliacha vidonge kwa hofu. Inakadiriwa kuwa mwaka uliofuata England na Wales zilikuwa na utoaji mimba takriban 13,000 zaidi. Na ujauzito wenyewe una hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kuliko vile vidonge.

Waraka wa sera ukiniambia kitu kimepanda au kimeshuka kwa asilimia fulani bila kuniambia kutoka wapi hadi wapi, naona haujaniambia kitu. Mia moja kati ya mia ngapi? Ndani ya muda gani? Hilo ni tatizo la hesabu, na mhariri wa lugha hawezi kulitibu peke yake.

#15 Kinyume Chake

Na mimi nipingane na Muuguzi, maana mmempokea haraka mno.

Hadithi ni hatari kuliko takwimu. Mwaka 1991 mtafiti Shanto Iyengar alichapisha matokeo ya majaribio yake kuhusu habari za televisheni Marekani. Watazamaji walioonyeshwa umaskini kupitia kisa cha mtu mmoja walielekea kumtwisha lawama mtu mwenyewe. Walioonyeshwa umaskini kama hali ya jamii walielekea kuitazama jamii na serikali. Yaani unasimulia kisa cha mama asiyeweza kulipia maji ukitaka watu waidai sera bora, wao wanatoka wakijiuliza kwa nini hakupanga matumizi yake.

Kingine. Mwaka 2007 watafiti Small, Loewenstein na Slovic walichapisha jaribio la kuchangisha fedha. Walioonyeshwa msichana mmoja wa Mali walitoa zaidi ya walioonyeshwa takwimu za njaa. Walioonyeshwa vyote viwili, msichana na takwimu, walitoa kidogo kuliko walioonyeshwa msichana peke yake. Kwa hiyo ile kanuni ya "anza na kisa, kisha weka data" tunayofundishwa kila semina haina uhakika huo inaopewa.

#16 Muuguzi wa Jamii

Kinyume, jina lako umelitendea haki leo.

Lakini majaribio uliyotaja yalipima lawama na michango. Sera inahitaji mtu aelewe mfumo unavyofanya kazi. Huko kisa kinachofaa ni cha safari: fuata ombi moja la msamaha wa ada tangu linapoandikwa. Linapokelewa na nani, linakaa wapi, linasubiri sahihi ya nani, linarudi lini. Mhusika mkuu anakuwa karatasi. Hapo msomaji hapati mtu wa kumhurumia wala wa kumlaumu, anaona mlango uliofungwa uko wapi. Mimi nimewahi kueleza utaratibu wa rufaa za wagonjwa kwa namna hiyo, na wauguzi wapya waliushika haraka kuliko walipopewa mwongozo.

#17 Kinyume Chake

Hiyo naweza kukaa nayo. Ila tambua umeondoa machozi, na machozi ndiyo yanayowafanya wakubwa wapende hadithi.

#18 Rangi Mbili

Nimekuwa msomaji kimya, hapa kwenye picha inabidi niseme. Mimi nyekundu na kijani sizitofautishi. Niliwahi kupewa ramani ya maeneo salama na ya hatari, salama kijani, hatari nyekundu, bila maandishi wala michirizi. Kwangu ilikuwa rangi moja ya udongo. Nilipouliza, ofisa alinionyesha kwa kidole akirudia "si unaona hapa?"

Si tatizo la wachache sana. Kwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya ni karibu mwanaume 1 kati ya 12. Mchora Chati, wale wa bluu na nyekundu wa Nightingale nawaona vizuri, usiwe na wasiwasi.

#19 Mchora Chati

Rangi Mbili, nashukuru sana. Kila chenye rangi kiwe pia na alama au maandishi, hilo nalibeba.

Na kwa kuwa tunanyoosheana mambo, niseme jambo ambalo halisemwi na wanaompenda Nightingale, mimi nikiwemo. Vipande vyake vinapimwa kwa eneo, na jicho la binadamu si zuri kwenye eneo. Watafiti Cleveland na McGill walilipima hilo mwaka 1984: watu wanasoma vizuri zaidi nafasi kwenye mizani moja, kwa mfano nguzo zilizopangwa kwenye mstari mmoja, kuliko pembe au eneo. Kwa hiyo mchoro wake unashtua vizuri kuliko unavyopimika. Kama lengo ni kumwamsha waziri, unafaa. Kama lengo ni mwananchi alinganishe ada ya mwaka huu na ya mwaka jana, chora nguzo. Chati ya duara ya rangi tano ya Msoma ingeweza kuwa nguzo tano, na ingesomeka zaidi.

Msomi Otto Neurath alilishughulikia hili Vienna, Austria, miaka ya 1920, kwenye makumbusho aliyoanzisha 1925 ili raia wa kawaida waelewe makazi, afya na kazi. Kanuni yake: idadi kubwa ionyeshwe kwa alama nyingi zaidi, kamwe si kwa alama kubwa zaidi. Gerd Arntz alizichora alama. Lakini mtu ninayemheshimu zaidi pale ni Marie, aliyekuja kuwa mke wa Neurath. Kazi yake ilikuwa kukaa kati ya mtaalamu na mchoraji. Anasoma takwimu, anamhoji mtaalamu, anaamua kipi kionyeshwe na kipi kiachwe, ndipo mchoraji anashika kalamu. Miaka ya 1950 aliipeleka kazi hiyo Nigeria Magharibi kwa vijitabu vya serikali vya elimu na afya, na alama zilibadilishwa zifanane na watu na nyumba za huko.

Nafasi hiyo ya kati ofisi nyingi hazina. Mtaalamu anamtupia mchoraji jedwali la Excel siku moja kabla ya uzinduzi, mchoraji anachagua rangi. Mimi ndiye huyo mchoraji, nasema ninachokiishi.

#20 Kijana wa Programu

Kwa nini msitumie vipimo vya usomekaji? Kuna fomula ya Flesch ya tangu 1948, unaingiza maandishi inakupa alama. Ofisi ikipata alama ndogo, waraka unarudi.

#21 Dada Wino

Fomula hiyo inahesabu urefu wa sentensi na silabi kwa neno, na ilitengenezwa kwa Kiingereza. Kitenzi chetu kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa, silabi zinajaa hata kwenye maneno anayoyajua mtoto. Utaambiwa barua rahisi ni ngumu. Na ile aya ya Msoma ikikatwa vipande vitatu vifupi ingepanda alama huku bado haisemi kitu.

#22 Nipo Pembeni

Nimefuatilia vya kutosha, sasa nachangia. Mnachukulia kwamba mtu akielewa ataamini. Mwaka 2020 dunia nzima ilionyeshwa mchoro uleule wa UVIKO: mawimbi mawili ya wagonjwa, moja refu na jembamba tusipojikinga, jingine fupi na pana tukijikinga, na mstari wa uwezo wa hospitali. Hauna namba hata moja kwenye mihimili, na bado watu wasiohesabika waliuelewa. Ni moja ya michoro ya sera iliyofanikiwa zaidi kueleweka. Lakini si wote waliouelewa waliotii. Aliyekuwa haiamini serikali yake kabla ya mchoro aliendelea kutoiamini akiwa ameuelewa vizuri kabisa.

Sijui kama hili ni tatizo la mwandishi hata kidogo.

#23 Takwimu Tu

Tena kutokuwa na namba kulikuwa na gharama yake. Mstari wa uwezo ulichorwa karibu na kilele cha wimbi fupi, watu wakaona nafasi ipo. Mahali pengi mstari wa kweli ungekuwa chini zaidi ya pale ulipochorwa.

#24 Mjaribu Fomu

Nashangaa tumefika hapa hakuna aliyetaja kujaribu waraka kwa wasomaji.

Uchaguzi wa Marekani wa 2000, kaunti ya Palm Beach, Florida. Wagombea urais walikuwa wengi, na msimamizi akataka maandishi yawe makubwa ili wazee wasome bila shida. Majina yakasambaa kurasa mbili zinazotazamana, matundu ya kutoboa katikati. Jina la pili kwenye ukurasa wa kushoto lilikuwa la Gore, mpinzani mkuu wa Bush, lakini tundu la pili lilikuwa la Buchanan, mgombea wa chama kidogo aliyekuwa ukurasa wa kulia. Buchanan alipata kura zaidi ya 3,400 kaunti ile, idadi ambayo hata yeye alikiri kuwa nyingi zilikuwa za Gore. Bush alishinda jimbo zima kwa kura 537.

Nia ilikuwa njema, herufi zilikuwa kubwa, lugha ilikuwa majina ya watu tu. Wahusika walioiona kabla hawakuona tatizo kwa sababu walikuwa wanaitazama, hawaitumii. Kwa hiyo Msoma, ile aya ya Dada Wino mabano yakijazwa, mpe mtu asiye wa kikundi chenu. Usimuulize kama ameelewa, watu hujibu ndiyo kwa adabu. Muulize: "Bili imekupita, umepata karatasi hii, kesho asubuhi unafanya nini?" Mnyamazie asome.

#25 Karani Mstaafu

Mjaribu, nakubaliana na kila neno, ila niambie unaliweka wapi hilo. Nilikofanya kazi, waraka ulifika kwa mtu wa nje ukiwa umeshasainiwa. Ukirudi na kosa la sentensi moja, inabidi idara zote zisaini upya, na hakuna mkurugenzi atakayekubali.

#26 Mjaribu Fomu

Kabla ya mwanasheria. Rasimu ya kwanza, ile uliyosema ina meno, ndiyo ya kujaribiwa. Hapo bado inasema kitu.

#27 Wakili wa Zamu

Kabla ya mwanasheria mtakuwa mnajaribu ahadi ambazo ofisi haina mamlaka ya kuzitoa. Mwananchi aliyeonyeshwa rasimu yenye siku 60 ataizungumza mtaani kesho yake kama sheria. Mniweke chumba hichohicho na huyo msomaji, nisikie anachoelewa kabla sijafuta chochote.